Mjusi Mweupe Kwenye Ukuta wa Jua

Asubuhi za Juni, kabla hata ya kunawa uso, Puleng alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alijifunga blanketi mabegani, akavuka ukumbi kwa ncha za vidole kwa sababu sakafu ya saruji iliuma kama meno, akasukuma mlango wa chumba cha Mjomba Sechaba. Ndani kulikuwa na giza la pazia zito. Alisimama kidogo mpaka macho yazoee, kisha akachutama mbele ya sanduku la kioo lililokaa juu ya kabati fupi.

"Mmeamkaje?" alinong'ona.

Waliokuwa wakiamkiwa ni mijusi wawili. Usidhani ni wale wembamba wanaokimbia ukutani na kudondoka kwenye sufuria ya mboga. Hawa walikuwa na mikia minene, hawakujua kupanda ukuta, na walikuwa na kope za kufumba na kufumbua kama zako wewe. Mkubwa alikuwa na rangi ya boga, akaitwa Mokopu, yaani boga. Mdogo alikuwa mweupe kama maziwa, na jina lake, Lebese, maana yake ni maziwa. Wote wawili walizaliwa na ualbino. Macho yao hayakuwa meusi. Yalikuwa na wekundu wa mbali, kama chai ndani ya gilasi.

Mwenye mijusi alikuwa Mjomba Sechaba, dereva wa lori la mahindi. Akiondoka mji wao wa Bethlehem kushuka bandarini Durban alikaa siku kadhaa njiani, na mijusi wakabaki mikononi mwa Puleng. Siku alipomkabidhi kazi hiyo alikaa naye sakafuni, wakazungumza kama watu wazima wawili.

"Hawa wanaota moto kwa tumbo," Mjomba alimwambia. "Chini ya sanduku kuna kimkeka cha umeme. Upande huu vuguvugu, upande ule baridi kidogo, wachague wenyewe. Taa usiwawashie. Macho yao hayana kinga."

"Hata tochi, Mjomba?"

"Tochi ukizidiwa sana, na uifunike kwa kitambaa."

"Na umeme ukikatika?"

"Chupa ya maji ya moto. Unaiviringisha taulo, unaiweka chini ya ule upande wa joto. Halafu kula. Unamshika funza kwa kibano, unampaka huu unga wa kuimarisha mifupa, unamchezesha mbele yake. Wanawinda kwa kuona. Asiyeona hali."

Puleng alishika maneno yote hayo, na kwa miezi mingi hakukosea hata mara moja.

Bibi yake, mama yake Sechaba, hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile. Bibi alilelewa akijua kwamba mjusi ndiye aliyekimbia na habari ya kifo akampita kinyonga njiani, na kinyonga ndiye aliyebeba habari ya uzima. Ndiyo maana watu wanakufa. Alipotaka kumwita Puleng alisimama ukumbini akaongea na mlango.

"Wamelala hao watu wako?"

"Wamelala, Bibi."

"Basi toka, uji unapoa." Na alipokuwa akirudi jikoni aliongeza, kana kwamba anazungumza na sufuria, "Wenzangu watoto wao wanaleta pombe nyumbani. Wangu kaleta mijusi. Nashukuru."

Kule Bethlehem, wakati wa baridi, ndani ya nyumba kuna ubaridi kuliko nje. Kwa hiyo jua likishapanda kidogo kila mtu hutoa kiti chake na kukiegemeza kwenye ukuta wa kaskazini, ule unaopigwa na jua, akakaa hapo na blanketi lake na machenza mapajani. Mtoto akitetemeka anaambiwa, nenda ukutani. Mzee akikohoa anapelekwa ukutani. Hata jirani, Mama Selloane, alipenda ukuta wa akina Puleng kuliko wa kwake.

"Mama Sechaba," alisema siku moja akimenya chenza, "bado mnao wale wageni wenu weupe?"

"Wapo."

"Mimi ningekuwa nimeshahama."

"Wewe uhame?" Bibi alimwangalia. "Wewe ambaye hata ukuta wangu umekushinda kuuhama."

Mama Selloane alicheka, akatema mbegu kiganjani. Kisha akashusha sauti. "Cheka tu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, mjusi mweupe akifia ndani ya nyumba, haondoki peke yake."

Bibi alitaka kujibu lakini kikohozi kikamshika, kikohozi kirefu cha kukunja mgongo, na alipomaliza alijifuta macho akasema habari nyingine. Puleng alikuwa amekaa kwenye tofali karibu nao akifanya hesabu za shule. Hakuinua uso. Lakini maneno yale yaliingia, na kama unavyojua, maneno ya namna hiyo yakishaingia hayaulizi wapi pa kukaa.

Ijumaa moja jioni transfoma ya mtaa ilipasuka kwa kishindo, na mtaa mzima ukawa giza. Haikuwa zamu ya mgao wa umeme, ambayo watu wanajua saa ya kuanza na saa ya kwisha. Hii hakuna aliyejua ingetengenezwa lini. Mjomba alikuwa njiani kuelekea Durban. Puleng alichemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa, akajaza chupa, akaiviringisha taulo, akafanya kama alivyofundishwa. Kabla ya kulala alibadilisha tena.

Asubuhi ya Jumamosi majani nje yalikuwa meupe kwa baridi kali na bomba lilikuwa limeganda. Chupa ilikuwa baridi. Jiko lilikuwa kavu, mafuta yamekwisha, na gesi ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyopita. Puleng aliingiza mkono ndani ya sanduku la kioo. Mokopu alikuwa amejichimbia chini ya vitambaa, ndani kabisa, na tumbo lake lilikuwa bado linapanda na kushuka. Lebese alikuwa amelala wazi, na alipomgusa, alikuwa kama jiwe la mtoni. Alimweka kiganjani. Hakutikisika. Mguu mmoja tu ulikunja kidole polepole, kisha ukanyooka.

Puleng aliyakumbuka maneno ya Mama Selloane. Mjusi mweupe akifia ndani ya nyumba. Chumba cha pili Bibi alikuwa akikohoa.

Angemwambia nani? Akafanya ambalo mtu yeyote wa mtaa ule angelifanya kwa mtoto anayetetemeka. Alimtia Lebese kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuonyesha ndani, lile lenye matundu ambalo Mjomba alilitumia kuwahamishia, akatoka naye kwa mlango wa nyuma. Kwenye pembe ya ukuta wa kaskazini, mbali kidogo na viti, kulikuwa na rundo la matofali. Jua lilikuwa limeshafika hapo. Aliweka kopo juu. Ni kweli aliukumbuka mwiko wa Mjomba, akasita. Lakini Mjomba alisema taa. Jua si taa. Jua ni la kila mtu.

Baada ya dakika chache Lebese aliinua kichwa. Puleng alitaka kulia kwa furaha.

"Puleng," Bibi aliita kutoka jikoni. "Chukua dumu, mwanangu, wahi mafuta ya taa dukani. Kila mtu atakuwa huko."

Kila mtu alikuwa huko kweli. Foleni ilizunguka duka. Puleng alisimama na dumu lake, akasogea hatua, akasimama. Mwanzoni alikuwa na furaha. Kisha akaona watu wakivua makoti. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alijipepea kwa mkono akasema, "Jua la leo, utadhani si Juni." Hapo Puleng alikumbuka kopo juu ya matofali. Alitaka kukimbia arudi, lakini bila mafuta hakuna maji ya moto, na bila maji ya moto usiku utakuwaje? Akabaki. Alipopata mafuta alikimbia, dumu likimgonga mguu.

Ndani ya kopo plastiki ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Lebese alikuwa amejibana pembeni, mdomo wazi, akijaribu kuingiza kichwa chini ya mwili wake mwenyewe. Macho aliyafumba kwa nguvu, kope zimekunjamana. Hapakuwa na kivuli hata cha ukubwa wa jani ndani ya kopo lile.

Alimrudisha gizani mbio. Akamwekea maji. Lebese akalamba, lakini hakufumbua macho.

Umeme ulirudi Jumapili mchana. Kimkeka kikapata joto, na Mokopu akatoka akadai chakula. Lebese alibaki kwenye pango lake. Jumatatu Puleng alimchezeshea funza mbele ya pua, na Lebese hakuona. Jumanne vilevile. Siku iliyofuata ngozi yake ilianza kupauka, kwa maana mijusi hawa huvua ngozi kama mtu anavyovua soksi, lakini safari hii ngozi ilitoka mwilini ikakwama kichwani. Juu ya kila jicho pakabaki kipande kikavu, kama karatasi iliyogandishwa.

Mjomba alipiga simu akiwa njiani. Kelele za lori zilisikika nyuma yake.

"Watoto wangu wanakula?"

"Wanakula, Mjomba."

"Safi. Wewe ndiye mtu wangu."

Mokopu alikuwa anakula. Kwa hiyo lile lilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli humkaa mtu kooni kuliko uongo mzima. Usiku ule Puleng hakumaliza ugali wake. Alimsikiliza Bibi akikohoa ng'ambo ya ukuta, na kila kikohozi alikihesabu kama ni deni lake.

Shuleni, katika darasa la sita, rafiki yake mkubwa alikuwa Moleboheng. Moleboheng pia alizaliwa na ualbino. Alikaa mbali na dirisha, alivaa kofia pana hata wakati wa mstari wa asubuhi, na mtu akimtania, alimrudishia mara mbili. Wakati wa mapumziko walikaa kwenye kivuli cha jengo la choo cha walimu, wakila maandazi.

"Moleboheng, nikuulize kitu. Jua likikupiga machoni unahisije?"

"Leo ndiyo umeona nina macho?"

"Nauliza kweli."

Moleboheng alitafuna kwanza. "Kama mtu amekumwagia mchanga. Halafu kichwa. Halafu sioni mtu, naona mwanga tu. Mama yangu alikuwa akinifunika tangu nikiwa mgongoni. Kwa nini?"

Puleng alimweleza. Alieleza kopo, matofali, foleni, ngozi iliyokwama. Alipofika mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Ndani ya plastiki," Moleboheng alisema. "Juani. Hana hata kofia."

"Usinicheke."

"Sicheki. Na usithubutu kusema tunafanana, nitakupiga na hii kofia." Alimsukuma kidogo begani, kisha akaacha mzaha. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi najua nini kuhusu mijusi? Mwambie mjomba wako."

"Ataacha kuniamini."

"Bibi yako, basi."

Puleng alitikisa kichwa. Hakumwambia lile neno la Mama Selloane, maana kulitamka mchana kweupe kuliogopesha zaidi kuliko kulibeba.

"Puleng," Moleboheng alisema akiinuka na kukung'uta makombo, "huyo mjusi hajui kama wewe unaogopa. Yeye anajua haoni tu."

Alasiri ile Puleng alirudi nyumbani akiwa ameamua kulimaliza jambo mwenyewe. Bibi alikuwa amelala kwenye kochi na blanketi lake, uso umeelekea ukutani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Mama Selloane alikuwa akitoka mlangoni na bakuli tupu. "Nimemletea supu," alisema. "Hajala." Akaangalia mlango wa chumba cha Mjomba, kisha akaangalia chini, akaenda zake bila kusema zaidi. Afadhali angesema.

Puleng aliingia chumbani akafunga mlango. Lebese alikuwa amekonda mkia, na mkia kwa mijusi hawa ndiyo ghala la chakula. Alimtoa akamweka juu ya taulo mapajani. Akachukua kibano. Kama ngozi ndiyo inayomzuia kuona, ataibandua. Akivuta mara moja tu, haraka, Lebese ataona, atakula, atapona, na Bibi ataamka. Mambo yote mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kichwani mwake, kama kamba moja.

Ncha ya kibano iligusa ukingo wa ile ngozi. Lebese alijikunja akatoa sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Puleng hakuwahi kumsikia akitoa sauti. Alishika tena.

"Puleng. Unamfanya nini?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Mkono mmoja ulishika fremu ya mlango, mwingine ulishika blanketi kifuani.

"Naondoa ngozi, Bibi."

"Kwa chuma? Jichoni?"

"Asipoona atakufa," Puleng alisema, na baada ya hapo hakuweza kujizuia tena. Yote yalitoka, na hayakutoka kwa mpangilio. Baridi, kopo, ukuta, foleni, uongo wa kwenye simu. "Na akifia humu ndani, Bibi, hatakwenda peke yake. Mama Selloane alisema. Na wewe unakohoa. Mimi ndiye niliyemweka juani, kwa hiyo ni mimi."

Bibi aliangalia kizingiti. Akaangalia kile kitu cheupe juu ya taulo. Puleng akajua kwamba Bibi naye anaogopa, tena anaogopa sana. Kisha Bibi akavuka kizingiti. Aliketi sakafuni kwa shida, magoti yakilia, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kibano kwanza."

Puleng akampa.

"Sasa sikiliza. Mimi nimeanza kukohoa tangu Mei, na wewe mwenyewe ulinitengenezea tangawizi. Huyu mtoto umemuunguza Jumamosi. Kuna kikohozi gani kinachotangulia sababu yake?"

Puleng alifikiri. Hakuwa amefikiri hivyo hata mara moja.

"Lakini Mama Selloane..."

"Mama Selloane anaogopa, na mimi naogopa. Tulifundishwa. Mpigie mjomba wako simu."

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza sauti yake ilikuwa nzito.

"Kwa nini hukuniambia Jumamosi?"

"Niliogopa, Mjomba."

"Jumamosi ningekuambia la kufanya, na sasa hivi angekuwa anakula." Akavuta pumzi. "Haya. Umevuta ngozi?"

"Bado."

"Usivute. Ukivuta unang'oa na jicho. Sikiliza. Tafuta kopo ambalo halipitishi mwanga. Tandika kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, ukikamue. Mwingize, funika, acha nafasi ya hewa. Liweke kwenye ule upande wa joto, mpaka mvuke uilainishe. Halafu pamba ya masikioni, yenye maji, unasugua taratibu kutoka ndani kwenda nje. Ikikataa, unamrudisha kwenye mvuke. Usishindane nayo. Na kesho asubuhi daktari wa wanyama, yule wa karibu na soko la mifugo. Nitampigia mimi. Mama yupo hapo?"

"Nipo," Bibi alisema.

"Upo wapi?"

"Chumbani kwako."

Kwenye simu kulisikika kitu kama mtu aliyekunywa maji vibaya.

Walifanya kama walivyoambiwa. Bibi alitoa bakuli lake la bati la kuchachushia unga wa uji, la bluu, lenye kifuniko, akasema atanunua lingine. Walisubiri. Puleng alifunika tochi kwa kitambaa chekundu, na Bibi akaishika juu kidogo, akigeuza uso pembeni kila Lebese alipotikisika. Puleng alilowesha pamba, akasugua. Hakikutoka kitu. Wakamrudisha kwenye mvuke. Mara ya pili ngozi ya jicho la kushoto ilianza kuinuka pembeni, laini kama utando wa maziwa, na mwishowe ikatelezea kwenye pamba. Kope zilibaki zimefumba. La kulia lilikataa kabisa.

"Vuta kidogo tu," Bibi alinong'ona.

"Mjomba kasema tusishindane nayo."

"Haya. Wewe ndiye daktari."

Halafu Bibi akashikwa na kikohozi, na safari hii Puleng alikuwa karibu naye vya kutosha kuona ambacho hakuwahi kukiona kwa mbali. Alimwona akibonyeza ubavu kwa kiwiko kila alipokohoa, kama mtu anayezuia mlango. Aliona shanga za jasho, na chumba kilikuwa baridi.

"Bibi, panakuuma hapo?"

"Panauma kidogo."

"Tangu lini?"

Bibi alijifuta jasho. Aliizima tochi. "Tangu juma lililopita. Usiku silali. Sikutaka mnikimbize kwa daktari kwa sababu ya kikohozi tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Basi walitazamana pale sakafuni, bibi na mjukuu, na swali likabaki katikati yao, maana lilikuwa ndilo lilelile Mjomba alilouliza. Bibi alikuwa wa kwanza kuinamisha macho.

Asubuhi walitoka pamoja, Puleng akiwa na ruhusa ya shule. Kwanza zahanati. Muuguzi alisikiliza kifua cha Bibi mbele na nyuma, akapima joto, akawaambia ni nimonia, na kwamba moshi wa jiko la mafuta ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha umezidisha maradhi ya kifua. "Ungesubiri wiki nyingine, Mama, ningekulaza," alisema. Akampa dawa na akamwonya azimalize zote hata akijisikia mzima.

Kisha wakaenda kwa daktari wa wanyama, Lebese akiwa ndani ya bakuli la uji, chini ya blanketi la Bibi. Daktari alipunguza mwanga wa chumba kabla hata ya kufungua kifuniko. Alimaliza kuondoa ngozi ya jicho la kulia kwa dawa ya majimaji, akachunguza macho yote mawili, akachukua muda mrefu.

"La kushoto limeungua juu tu, litarudi," daktari alisema. "Hili la kulia limeumia zaidi. Angeletwa mapema ningekuahidi. Sasa siahidi. Mtampaka dawa hii, na mtamlisha kwa kumgusisha chakula mdomoni mpaka atakapoanza kuona."

Puleng alilia palepale, bila kujificha. Bibi hakumwambia anyamaze.

Siku zilipita za dawa kwa Bibi na dawa kwa Lebese. Dirisha la jikoni likawa linaachwa wazi kidogo kila jiko linapowashwa. Mjomba Sechaba aliporudi hakugomba. Aliketi chumbani gizani akamtazama Lebese kwa muda, kisha akasema, "Kesho tutatengeneza mahali pa kuwekea chupa, ili baridi isiwakute tena. Utanisaidia." Puleng alielewa kwamba bado ni mtu wake, lakini kwamba itambidi aistahili imani yake upya.

Jioni moja Lebese alitoka pangoni mwenyewe. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe, na daktari alikuwa amekwisha kusema ndivyo litakavyobaki. La kushoto lilifumbuka kidogo, likafumba, likafumbuka. Puleng alimchezesha funza kwa mbali. Lebese aligeuza kichwa upande, akalenga, akatikisa ncha ya mkia. Akakosa. Akalenga tena, akamnyakua.

"Bibi," Puleng aliita kwa sauti ya chini. "Ameona."

Bibi alikuja akaketi kando yake, si karibu sana. Waliangalia Lebese akitafuna.

"Bado unamwogopa?"

"Sana."

"Mimi nilikuwa namhurumia, Bibi. Ndiyo maana nilimpeleka juani."

"Najua. Ulimpa kile ambacho ungependa kupewa wewe. Sote hapa tukitetemeka tunakimbilia ukutani. Ila huruma, mjukuu wangu, lazima iulize kwanza, huyu ninayemhurumia ameumbwaje? Hilo kosa dogo, mtu yeyote angelikosea. Lililompofusha jicho ni siku zile ulizokaa kimya." Alijifunika vizuri, akavuta pumzi, na pumzi iliingia mpaka chini bila kukwama. "Wazee wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nimelijua neno hilo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na bado nililala nimeelekea ukutani na ubavu wangu. Hofu haituachi tukiificha. Inakaa inakula pale tulipoificha. Kwa hiyo tukubaliane, mimi na wewe. Panapouma, tunasema siku hiyohiyo. Hata kama tumekosea wenyewe. Hasa kama tumekosea wenyewe."

"Tumekubaliana, Bibi."

"Haya. Sasa mpe mwingine, huyu ana njaa ya siku nyingi."

Puleng akachukua kibano na funza wa pili, akamsogeza upande wa kushoto, upande ambao Lebese aliweza kuona.